Damu Iliyosubiri

Alama ya wifi yangu ilitoka themanini na sita. Kaka yangu Lwitiko aliisoma kwenye kioo cha taarifa cha ukutani, akairudia taratibu, kana kwamba akiisoma kwa adabu itashuka. Tusekile mwenyewe alikuwa mlangoni mwa jiko na ndizi mkononi, anamenya. Alitutazama usoni, akaweka kisu chini, akashika tumbo. Mimba ilikuwa ya miezi minne, na ilikuwa imekuja baada ya miaka mingi ya kungoja na ya maneno ya majirani.

Ganzi tunaijua sote huku Rungwe. Inaanzia vidoleni mwa miguu, inapanda magotini, inapanda kiunoni, na ikifika kifuani mtu anaacha kupumua huku akili yake ikiwa nzima. Imetumalizia watu, jamani. Kwa hiyo sindano ya kinga ilipopatikana tuliipokea kwa mikono miwili. Inazima jeni moja ambayo ndiyo ngazi ya ganzi kupandia. Tatizo ni kwamba mwili wa mwanamke hutumia jeni hiyohiyo kujenga kondo la mimba. Ukiizima, mimba iliyopo inatoka na nyingine haishiki tena maishani. Hata hivyo sheria ya mkoa haina simile: mwenye alama ya hatari ya ganzi ya sabini kwenda juu anachomwa ndani ya mwezi, na akikataa, ukoo wake wote unafutiwa matibabu, kichanga kwa kikongwe.

Tusekile alipangiwa Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Mimi naitwa Gwantwa Mwakibinga, na ni mtakwimu katika kituo cha utafiti cha hapa Tukuyu. Nina mdomo, hilo utaambiwa hata usipouliza. Alama sikuitunga mimi. Nilipoajiriwa niliikuta inafanya kazi na kusifiwa hadi ng'ambo. Lakini siku ile nilikasirika kama mtu aliyeibiwa. Tusekile ametoka Busokelo, kwao hakuna aliyewahi kuugua ganzi, na yeye ni mzima anayepanda kilima na mkungu wa ndizi kichwani bila kuhema. Sisi Mwakibinga ndio tuliozika watu. Tena alama zetu sisi zilikuwa za chini, hata ya baba, kumi na nne tu.

Nikamwuliza wifi anisimulie siku aliyopimwa, kila kitu, hata kama ni upuuzi.

Akasema hakukuwa na la kusimulia. Zahanati hupima kwa zamu za koo, siku moja ukoo mmoja, na siku ya ukoo wetu yeye alikwenda alfajiri, kabla hakujapambazuka vizuri. Nikauliza kwa nini alfajiri, na baridi ile. Akanitazama kama nimekuwa mgeni nyumbani kwangu.

"Wifi, kwani ningepanga naye foleni?"

"Naye" ni baba yangu, maana Tusekile halitamki jina lake. Kwetu mkaza mwana hakai chumba kimoja na baba mkwe, hamtazami, hamsemeshi. Wakikutana njiani yeye anachepuka, na akiwa na neno linapitia kwa mtu wa tatu. Zamani za bibi zetu desturi hii ilikuwa inafifia, wasomi wakaicheka. Miaka ya ganzi ilipoingia watu wakarudia heshima za kale, na sasa hata mabinti wenye shahada wanaishika. Heshima si utumwa, na siku nyingine ni raha, maana baba ana hotuba ndefu.

Nikauliza kama alfajiri ile alikuwa peke yake. Akacheka kidogo, kicheko chake cha kwanza siku hiyo.

"Tulikuwa wakwe watupu, wifi. Wakwe wa ukoo mzima, tumejipanga na khanga kichwani. Wazee walikuja jua limeshapanda, sisi tumeshaondoka zamani."

Nilisimama. Lwitiko akaniuliza kuna nini, nikamwambia anyamaze kwanza.

*

Kesho yake nilifika kazini mapema nikajifungia na takwimu za mkoa.

Nieleze kidogo alama yenyewe ilivyopatikana. Miaka kumi na miwili nyuma kituo kilikusanya damu ya watu elfu kumi, wagonjwa na wazima. Mashine tunayoiita Msomaji ikasoma jeni zao zote pamoja na protini maelfu zinazoelea kwenye damu, kisha hesabu ikaulizwa swali moja: ni kitu gani wagonjwa wanacho kingi kuliko wazima? Ikajibu bila kusita: protini namba arobaini na moja. Wagonjwa walikuwa nayo tele, wazima kidogo. Tangu hapo alama ya mtu ni wingi wa arobaini na moja yake, basi, ikipambwa na mengine madogo.

Sasa, jeni na protini si kitu kimoja. Jeni ni maelekezo ya mapishi, protini ni chakula chenyewe. Maelekezo ukiyaacha mezani tangu asubuhi hayachachi. Chakula kinachacha.

Na damu yetu huachwa mezani. Zahanati za milimani hazina Msomaji. Damu inafungwa kwenye sanduku la kivuli, lisilo na baridi ya jokofu, na kusubiri kipanga, droni yetu kubwa ya mizigo, ambayo hairuki hadi ukungu uondoke, na ukungu wa Rungwe unaondoka unapojisikia, mara nyingi adhuhuri. Aliyetolewa damu saa nne, damu yake inasubiri kidogo. Aliyetolewa alfajiri, yake inakaa humo nusu siku, chembe zinachoka, zinavuja, na protini zilizokuwa zimefungiwa ndani yake, arobaini na moja ikiwamo, zinamwagika. Waliotengeneza sanduku walihakikisha kwamba damu haiharibiki humo. Kweli, kwa jeni haiharibiki. Protini hakuna aliyeziuliza.

Kila kichupa kina saa ndogo kwenye kizibo, kwa hiyo muda wa kusubiri ulikuwapo wazi siku zote, ila haukuwahi kuingizwa kwenye hesabu. Niliuingiza. Nilipanga wanawake wote wa mkoa kwa muda ambao damu yao ilikaa, na mstari ukapanda mbele yangu ukiwa umenyooka. Mabinti ambao hawajaolewa, alama za chini. Siku wanayoolewa wanaanza kwenda alfajiri, na mwaka huohuo alama inaruka. Na mitaani watu walishaanza kusema kwamba wake wa kuja ndio wanaoleta ganzi kwenye koo za watu. Kuna waliorudishwa kwao. Hasira ilinipanda hadi masikio yakawa ya moto.

Likabaki swali moja. Kama ni muda tu, kwa nini wale wagonjwa wa mwanzo walikuwa na arobaini na moja nyingi? Jibu lilinijia nikiwa nachota chai, na nilijiona mjinga kwa kulikosa. Kwetu mgonjwa hasubirishwi. Nenda zahanati yoyote ya nchi hii, hata foleni iwe ndefu namna gani, mgonjwa anapitishwa mbele na watu wanampisha kwa pole. Miaka ile wagonjwa wa ganzi walibebwa na kupitishwa mbele kila asubuhi, kila kijiji. Walitolewa damu kwanza, na damu yao ikasubiri kuliko ya wote. Ukarimu wetu wenyewe ndio uliochafua hesabu. Mashine ilitafuta ugonjwa ikapata foleni.

Nikauondoa muda kwenye zile damu elfu kumi, na arobaini na moja ikalala chini kabisa kama haijawahi kuwa kitu. Nilijua italala. Nisilolijua ni kwamba ikishalala, nyingine itainuka. Ilikuwa protini mia tatu na sita, pamoja na kipande cha jeni kilicho jirani nayo, vimeshikana mkono, wagonjwa wanavyo, wazima hawana. Havijali kusubiri, saa moja au nusu siku ni sawa. Miaka yote vilikuwa mle ndani, kelele za arobaini na moja zikivifunika. Nililijaribu jambo hilo kwa damu za mikoa mingine, likasimama. Nilipiga meza kwa furaha mpaka kikombe kikaanguka.

*

Mkuu wangu ni Daktari Ipyana Mwalukasa. Si mtu mbaya, nataka lieleweke. Baba yake alikufa kwa ganzi mikononi mwake, na alama ile ni kazi ya maisha yake. Alisikiliza yote bila kunikatiza. Akaomba aione mistari. Akaiona. Akavua miwani akafikicha macho kwa muda mrefu.

Kisha akasema tutarekebisha. Ila kimya kimya. Msomaji atabadilishwa ndani kwa ndani, wakwe wataitwa kupimwa upya, alama zitashuka, tutasema ni maendeleo ya sayansi. Watu wamekubali kupimwa kwa sababu wanaamini. Wakisikia tumewachoma wanawake wazima kwa sababu ya foleni, hakuna atakayekanyaga zahanati tena, na ganzi itatumaliza kwa kicheko.

Nikauliza, na waliokwisha kuchomwa?

Akarudisha miwani usoni. Halafu akasema wale imani yao ni kwamba wameokolewa, na kuwaambia vingine hakutawarudishia kizazi.

"Alama ya wifi yako naishusha leo hii," akasema. "Leo, Gwantwa. Ijumaa yake inafutwa na mtoto anazaliwa. Nikuombe kitu kimoja tu, mdomo wako."

Nitasema ukweli, nilitaka kukubali. Nilimwona Lwitiko amebeba mtoto. Nikihesabu kwa akili ya kitakwimu ninayolipwa kuitumia, njia ya Daktari ilimwokoa Tusekile kwa hakika, na njia ya kwenda kwenye baraza la mkoa ilikuwa kamari: baraza likikataa, Ijumaa inabaki palepale, na mkuu aliyekwisha kuaibishwa hawezi tena kunisaidia. Lakini kila nikifungua kinywa kusema ndiyo, nilikuwa naona wale wengine. Nikamwomba anipe muda, kwa kuwa mimba si yangu.

Tusekile nilimkuta nyuma ya nyumba anafua. Nilimpa yote, hata ile ya kuniziba mdomo, tena nikamshauri kabisa, kama dada: kubali, uzae, mengine tutapigania baadaye. Alikamua shuka mpaka tone la mwisho kabla hajajibu.

Jirani yetu wa upande wa chini anaitwa Subilaga. Aliolewa mwaka mmoja na Tusekile. Alichomwa mwezi wa sita, na ilimtoka mimba changa ambayo hata mumewe alikuwa hajaambiwa. Kila Jumapili husimama kanisani na kushukuru kwa kuwa ameponywa ganzi. Hao wakubwa wetu nao huwahesabu wanawake kama Subilaga na kujisifu kwamba hakuna aliyeugua. Ni kama mtu anayejisifu amefukuza simba sebuleni mwake.

"Wifi," Tusekile akasema, "mimi nikizaa kwa siri hiyo, Subilaga atakuja kunipongeza. Atampakata mtoto. Nitamtazamaje?"

Nikamkumbusha kwamba baraza likikataa atampoteza mtoto mwenyewe. Akasema analijua hilo kuliko mimi, kwa sababu ni yeye ambaye mtoto anampiga teke.

"Mficha uchi hazai," akasema. "Nenda kaseme."

*

Baraza lilikaa Jumatano katika ukumbi wa halmashauri, siku mbili kabla ya sindano. Watu walijaa. Baba alikuja na kiti chake cha kukunja akakaa mbele, fimbo katikati ya magoti. Tusekile hakuingia, alikaa nje na Lwitiko, chini ya dirisha, upande wa pili wa ukuta wa mbao, ambako kila neno linasikika.

Mwenyekiti ni Bi. Tabitha Mwangoka, mwalimu mkuu mstaafu, mtu ambaye hata akikusalimia unajikagua kucha. Nilimweleza habari ya jeni na protini, ya maelekezo na chakula. Aliandika. Mistari yangu ilipoonyeshwa ukutani akasema kwamba mistari ameiona mingi maishani, na iliyoleta alama ya kwanza nayo ilikuwa mizuri.

Nikaomba itolewe damu ya mtu mmoja, hapo hapo, vichupa viwili. Kimoja kisomwe sasa hivi, kingine kikae ndani ya sanduku la kivuli juu ya meza yake yeye, mbele ya macho ya wote, hadi alasiri. Nilitaka achague mtu yeyote, ili isije ikasemwa nimemwandaa. Kabla hajachagua, baba akanyanyuka.

"Ukoo unaotishiwa kufutwa ni wangu," akasema. "Damu itoke kwangu."

Bi. Mwangoka hakupinga. Muuguzi akamtoa damu. Kichupa cha kwanza kikasomwa na Msomaji mdogo tuliyemleta, na alama ikatokea ukutani: kumi na moja. Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika. Cha pili kikafungiwa sandukuni, na wajumbe wakala chakula cha mchana wakilizunguka sanduku lile kana kwamba ndani yake mna nyoka.

Alasiri kikasomwa. Themanini na tatu.

Ukumbi ulilipuka. Mtu mmoja na damu moja, asubuhi ni mzima, alasiri anatakiwa kuchomwa sindano! Wanawake wa nyuma walisimama, mmoja akawa anamwita mumewe kwa jina la ubatizo, na alivyomwita si kwa upendo. Mimi nilikuwa nacheka. Nje ya dirisha nilisikia Lwitiko akimshukuru Mungu.

Bi. Mwangoka aligonga meza mpaka wakanyamaza, na alichosema kikanikata maini. Alisema ameridhika kwamba alama ya sasa ina kasoro. Lakini ganzi ipo, watu wanakufa, na hawezi kufuta kinga ya mkoa mzima akabaki na mikono mitupu. Kama sina kipimo kingine cha kuaminika cha kuweka mahali pa hicho, basi orodha ya Ijumaa itabaki hadi nitakapokipata.

Kipimo nilikuwa nacho. Msomaji alikuwa ameshasoma mia tatu na sita na jeni jirani yake katika vichupa vyote viwili, na majibu yalikuwa mbele yangu, kwenye kioo changu kidogo ambacho hakuna mwingine aliyekiona. Asubuhi na alasiri yalikuwa sawasawa, bila tofauti hata ya unywele, kama nilivyotabiri. Ushindi wangu wote ulikuwa pale. Ila majibu yale yalikuwa juu, juu kabisa, sehemu walipo wagonjwa. Baba yangu alikuwa na ganzi.

Watu wakaanza kunong'ona. Nikiyaonyesha ukutani, nimemtangazia ugonjwa wake mbele ya wilaya nzima, yeye ambaye hata mafua hutuficha. Nikiyafunika, Ijumaa inamchukua mjukuu wake. Hakuna hesabu ya hilo. Nilitoka mezani, nikaenda nikapiga magoti mbele ya kiti chake kama binti anayesalimia, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba nina majibu yake mengine, kwamba si mazuri, na kwamba ni mali yake, siyasomi asiponiruhusu.

Alinitazama. Macho yake yakaenda dirishani, ambako hakuna aliyekuwa anaonekana, kisha yakarudi.

"Soma, mwanangu," akasema kwa sauti ambayo ukumbi wote uliisikia. "Tangu masika sivisikii vidole vya miguu. Nilidhani ni uzee, halafu nikajua si uzee, nikanyamaza kwa sababu mashine yenu ilisema mimi ni mzima. Soma."

Nikasoma. Nilisoma yote hadi mwisho.

Sasa mtu mmoja si takwimu, na lau ningekuwa mjumbe ningelisema hilo. Zile damu elfu kumi ndizo zilizothibitisha. Lakini baraza ni watu, na watu hutaka kuona. Aliyewaonyesha hakuwa mimi. Daktari Mwalukasa, ambaye siku nzima alikuwa amekaa pembeni bila kuniangalia, aliinuka, akaja, akapiga magoti mahali nilipokuwa nimepiga mimi. Akamvua baba kiatu na soksi kwa heshima zote. Akachukua sindano tupu akamchoma kidole gumba. Baba alikuwa anamtazama Bi. Mwangoka na hakupepesa jicho. Akachoma kidole cha pili, na wayo, na kisigino. Damu ilitoka, baba hakushtuka.

"Ni ganzi," Daktari akasema, bado yuko chini. "Imeshapita vidole. Kwa alama yangu mimi, huyu mzee tulimpa cheti cha uzima mwaka huu." Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Wazee huja zahanati jua likiwa juu, damu yao haisubiri. Tumewaacha wafe, na sindano zao tumewachoma wakwe zao. Gwantwa yuko sahihi na mimi nilimwomba anyamaze. Liandikwe hilo pia."

Bi. Mwangoka aliandika. Halafu akasoma uamuzi, na hakuurefusha: alama ya arobaini na moja imefutwa kuanzia saa hiyo, sindano zote za Ijumaa zimesimamishwa hadi kila mtu apimwe kwa kipimo kipya, hakuna ukoo utakaofutiwa matibabu, na kila mwanamke aliyechomwa kwa alama ya zamani ataelezwa ukweli nyumbani kwake, ana kwa ana, na mkoa utabeba gharama ya kumtafutia kizazi kwa njia yoyote ambayo sayansi itaipata. Watu waliimba. Nilibebwa, haki ya Mungu, mtu mzima mimi nimebebwa juu juu hadi barabarani, kiatu kimoja sijui kilipotelea wapi.

*

Kwa Subilaga nilikwenda mwenyewe siku iliyofuata. Sikutaka asikie kwa mtu wa mkoa mwenye tai. Alinisikiliza amesimama mlangoni. Nilipomaliza aliniuliza kama nina hakika, nikamwambia ndiyo. Akauliza tena kama nina hakika. Akasema asante kwa kumwambia, akafunga mlango, na nikamsikia akikaa chini upande wa pili. Nilibaki pale nje hadi mumewe aliporudi. Sina neno la kulipamba jambo hilo, na kila nikisifiwa huwa nalikumbuka.

Ijumaa zahanati ilifunguliwa kama kawaida. Sindano iliyokuwa imetengwa kwa jina la Tusekile ilikuwa bado kwenye jokofu, na baba, ambaye mwili wake hauna kondo la kujenga, alikuwa amesema kwamba anaitaka hiyohiyo, asipewe nyingine. Muuguzi alijaribu kumweleza kwamba zote ni sawa. Thubutu. Ikabidi jina la mkwe libanduliwe mbele yake na lake libandikwe.

Kipimo kipya kilikuwa kimempa Tusekile alama tisa. Siku hiyo alikuwa na miadi ya kliniki ya wajawazito, akakaa chumba cha pili, nyuma ya kiambaza cha mbao, kama desturi inavyotaka. Mimi nilikaa mlangoni kati yao, mtu wa tatu. Daktari Mwalukasa ndiye aliyemchoma baba kwa mkono wake. Sindano haitamrudishia vidole, lakini ganzi haitapanda tena. Magoti ni yake, kiuno ni chake, pumzi ni yake.

Baba alishusha mkono wa shati, akafunga kifungo bila haraka. Hakugeuka upande wa kiambaza. Alinitazama mimi, lakini sauti aliipandisha.

"Gwantwa, mwambie mkwe wangu sindano yake nimeichukua mimi. Yeye azae."

Nilifungua kinywa kupeleka ujumbe, maana ndiyo kazi ya mtu wa tatu. Sikuwahi. Desturi inamkataza mkaza mwana kumsemesha baba mkwe wake, lakini hakuna mzee wa Rungwe aliyewahi kusema kwamba kigelegele ni maneno. Kilipanda nyuma ya mbao zile, kirefu, chembamba, kikavuka dirisha, na wakwe waliokuwa foleni nje wakakipokea, mmoja baada ya mwingine, hadi huku ndani hatukusikiana tena. Baba alisimama na fimbo yake akakisikiliza mpaka kikaisha, na alikuwa analia wazi wazi bila kujipangusa.